Dang'a kwa ndama mchanga: mwongozo kamili wa saa 24 za mwanzo

Ndama anayeharisha wiki ya kwanza, akavimba kitovu wiki ya pili, kisha kichomi kikamwangusha wiki ya nne, mara nyingi alishapotezwa siku ile ile aliyozaliwa. Mfugaji hununua dawa, hubadilisha maziwa, huita daktari. Kumbe kilichokosekana ni lita chache za dang'a, yale maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyetoka kuzaa, au zilikuwepo zikachelewa.

Mtoto wa binadamu huzaliwa akiwa tayari na kingamwili, yaani protini za damu zinazopambana na vijidudu, alizopewa na mama yake kupitia kondo. Kondo la ng'ombe halipitishi kingamwili, kwa hiyo ndama huja duniani bila kitu. Kinga yote ya mwanzo ataipata kwa kunywa dang'a, ambayo kiwele huanza kuihifadhia kingamwili kutoka kwenye damu ya mama majuma kadhaa kabla ya kuzaa.

Utumbo wa ndama mchanga huruhusu kingamwili kupita zikiwa nzima mpaka kwenye damu. Uwezo huo huanza kushuka tangu dakika anayozaliwa na huisha akifikisha takriban saa 24. Baada ya hapo hata umnyweshe ndoo nzima, kingamwili zitasagwa tumboni kama chakula kingine chochote. Ndiyo maana mwongozo huu unahesabu saa, hauhesabu siku.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ng'ombe hajazaa

Viweke pamoja sehemu moja, visafi, angalau wiki mbili kabla ya tarehe ya kuzaa. Ng'ombe anaweza kuzaa usiku, na duka la pembejeo halifunguliwi saa 8 usiku.

- Chupa ya ndama ya lita 2 yenye chuchu ya mpira, na chuchu ya akiba
- Ndoo ya kukamulia yenye mfuniko, ya chuma kisichoshika kutu au alumini
- Jagi lenye alama za lita
- Kipima joto cha maziwa kinachosoma mpaka nyuzi 100
- Iodini ya asilimia 7 ya kitovu, na kikombe kidogo cha kuichovyea
- Taulo au magunia safi makavu ya kumkaushia ndama
- Vitambaa vya kufutia kiwele
- Tochi yenye betri nzima
- Refraktomita ya Brix (kifaa kidogo cha kupimia ubora wa dang'a), kama unaweza kuipata
- Dang'a ya akiba kwenye friza, yako au ya jirani unayeijua afya ya ng'ombe wake

Kuhusu refraktomita: nunua inayosoma kuanzia 0 mpaka 32. Ile ya warina asali huanza juu sana, kwenye 58, na haifai kwa kazi hii. Kifaa hiki hakitumii umeme wala betri na hudumu miaka mingi. Wafugaji wa kijiji kimoja wanaweza kuchangiana kimoja.

## Hatua ya 1: Mtayarishe mama

Mkaushe ng'ombe, yaani acha kumkamua, siku 60 kabla ya kuzaa. Kiwele kinahitaji mapumziko hayo ili kijijenge upya na kukusanya kingamwili. Anayeendelea kukamuliwa mpaka wiki tatu au nne za mwisho hutoa dang'a kidogo, na kingamwili zake huwa chache.

Ukinunua mtamba mwenye mimba kutoka mbali, mlete nyumbani angalau miezi miwili kabla hajazaa. Dang'a hubeba kingamwili za vijidudu ambavyo mama amekutana navyo. Mtamba aliyetoka Njombe akafika Tanga siku tano kabla ya kuzaa atampa mwanawe kinga ya Njombe, wakati ndama ataishi na vijidudu vya banda la Tanga. Jambo hili hupuuzwa sana, na linaumiza hasa wale waliotumia akiba yao yote kununua ng'ombe wa kwanza.

Zungumza na daktari wa mifugo kuhusu chanjo za kumpa mama katika majuma ya mwisho ya mimba. Zipo za kuhara kwa ndama kunakoletwa na bakteria wa *E. coli* na virusi vya rota. Hazimkingi mama pekee: zinaongeza kingamwili hizo ndani ya dang'a.

Angalia: maziwa yakianza kuvuja chuchuni kabla ya kuzaa, au ukilazimika kumkamua kwa sababu kiwele kimejaa kupita kiasi, dang'a ndiyo inayotoka hivyo. Kinga iliyovuja hairudi. Ikusanye kwa usafi na uigandishe, na uwe na akiba nyingine tayari.

## Hatua ya 2: Nusu saa ya kwanza baada ya kuzaliwa

Safisha ute puani na mdomoni. Msugue ndama kwa taulo mpaka manyoya yasimame, kwa maana ndama aliyelowa na kupigwa baridi hanyonyi vizuri. Mama akimlamba, mwachie afanye kazi hiyo.

Chovya kitovu chote kwenye iodini, mpaka pale kinapoungana na tumbo, na urudie baada ya saa 12. Kupuliza hakutoshi. Kitovu kibichi ni njia ya moja kwa moja ya kuingia kwenye ini na damu, na ndama huyu bado hana askari hata mmoja wa kutoka kwa mama.

Mweke kwenye nyasi kavu. Hapa lipo jambo ambalo wengi hawalijui: ule utumbo ulio wazi kwa kingamwili uko wazi pia kwa bakteria. Ndama akilamba samadi kabla ya kunywa dang'a, vijidudu ndivyo vinavyotangulia kupita. Tena vikijaa utumboni hupunguza kiasi cha kingamwili kinachofyonzwa hata dang'a ikija baadaye.

Ndama mzima hujaribu kusimama ndani ya saa moja.

## Hatua ya 3: Kamua mapema, kamua kwa usafi

Kamua ndani ya saa 2 baada ya kuzaa. Usisubiri kondo la nyuma litoke. Usisubiri kukuche. Kila saa inayopita kiwele kinatengeneza maziwa ya kawaida yanayoizimua dang'a iliyomo.

1. Osha chuchu kwa maji safi ya uvuguvugu, kisha zikaushe, kila chuchu kwa upande wake safi wa kitambaa. Maji machafu yanayotiririka kutoka kwenye kiwele ndiyo huingia kwenye ndoo.
2. Kamulia pembeni mikamuo mitatu minne ya mwanzo ya kila chuchu na uitazame. Ukiona mabonge, usaha au damu nyingi, chuchu hiyo usimpe ndama.
3. Kamua sehemu zote zilizo salama kwenye ndoo moja na uikoroge taratibu.
4. Funika ndoo.

Mkamuo huu wa kwanza ndio dang'a yenyewe. Wa pili huwa umeshapoteza sehemu kubwa ya kingamwili, na wa tatu zaidi. Usiuchanganye wa kwanza na wa pili "ili zitoshe", na usichanganye dang'a za ng'ombe kadhaa kwenye chombo kimoja. Ukichanganya, dang'a nzito inazimuliwa na nyepesi, na ugonjwa wa ng'ombe mmoja unawafikia ndama wote.

Ng'ombe aliyewahi kuanguka kwa homa ya maziwa, hasa Jersey mwenye umri, mpigie daktari kabla ya siku ya kuzaa mkubaliane namna ya kumkamua na kumpa madini ya chokaa.

## Hatua ya 4: Pima ubora

Macho hayatoshi. Dang'a ya manjano na nzito inaweza kuwa dhaifu, na iliyopauka ikawa nzuri. Rangi hutokana zaidi na mafuta na majani aliyokula mama.

Refraktomita isahihishe kwanza kwa tone la maji yaliyochemshwa na kupozwa: lazima isome 0. Kisha weka tone mbili za dang'a kwenye kioo, funika, elekeza kwenye mwanga na usome mpaka wa rangi. Mpaka ukiwa na ukungu, soma katikati yake.

- 22 na kuendelea: nzuri. Ina takriban gramu 50 za kingamwili kwa lita au zaidi. Hii ndiyo ya mlo wa kwanza, na inayozidi ndiyo ya kugandisha.
- 18 hadi 21: itumie kwa mlo wa pili. Kama huna nyingine, mpe kwa mlo wa kwanza na uongeze kiasi.
- Chini ya 18: haifai kwa mlo wa kwanza. Toa akiba.

Kuna pia chombo cha kioo kinachoelea ndani ya dang'a. Hicho kinadanganywa na joto: dang'a baridi huonekana bora kuliko ilivyo, ya moto huonekana duni. Ipoze mpaka nyuzi 20 hadi 22 kabla ya kusoma.

Huna kifaa chochote? Basi cheza na vile vilivyo mikononi mwako: wahi, mpe nyingi, na ichukue kwa ng'ombe aliyekauka siku 60, hakuvuja na hakuwa mgonjwa.

## Hatua ya 5: Mnyweshe mlo wa kwanza

Lengo ni angalau gramu 200 za kingamwili kwa ndama mchanga mwenye mwili mkubwa, na zaidi ya hapo ni bora. Hesabu yake ni rahisi: lita 4 za dang'a yenye gramu 50 kwa lita. Ukimpa lita 2 tu za dang'a hiyo hiyo umempa nusu ya kinga, hata kama tumbo linaonekana limejaa.

Kanuni ya kukumbuka ni lita 1 kwa kila kilo 10 za uzito wa ndama, ndani ya saa 2 za mwanzo, kisha nusu ya kiasi hicho kabla hajafikisha saa 12.

- Friesian wa kilo 40: lita 4, kisha lita 2
- Ayrshire wa kilo 35: lita 3.5, kisha lita 1.75
- Jersey wa kilo 25: lita 2.5, kisha lita 1.25
- Zebu wa kilo 20: lita 2, kisha lita 1

Chukua mfano wa ndama wa Friesian aliyezaliwa saa 7 usiku. Kufikia saa 9 usiku awe amemaliza lita 4. Mlo wa pili uwe saa 3 au saa 4 asubuhi. Ukiamua kulala na kumnywesha saa 1 asubuhi, saa sita zimepita, na sehemu nzuri ya uwezo wa utumbo wake imekwenda nazo.

Namna ya kumnywesha:

1. Dang'a iwe na joto la nyuzi 38 hadi 40. Iliyotoka kukamuliwa haihitaji kupashwa kama hukuchelewa.
2. Ndama asimame, au alale kifudifudi juu ya kidari. Asilazwe ubavu.
3. Tia chuchu mdomoni, shingo ikae kama anavyonyonya kwa mama, kidogo juu. Usimwinulie kichwa mpaka pua ielekee angani.
4. Mwache anyonye kwa kasi yake. Usipanue tundu la chuchu ili amalize haraka: dang'a itamwagikia mapafuni, na hicho kichomi utakuwa umekileta mwenyewe.

Kunyonya kunafunga mfereji unaoipeleka dang'a moja kwa moja kwenye tumbo halisi, bila kupitia tumbo kubwa ambalo kwa umri huu halifanyi kazi. Kwa mlo huu wa kwanza chagua chupa kabla ya ndoo.

### Je, nimwachie anyonye mwenyewe?

Kwa zebu wenye kiwele kidogo na mama anayempenda mwanawe, ndiyo, lakini simama hapo mpaka umwone ameshika chuchu na kunyonya mfululizo dakika 20 hivi, ndani ya saa 2. Kwa ng'ombe wa maziwa sikushauri. Kiwele kinaning'inia chini mno, mtamba anapiga teke, ndama anazunguka akinyonya kinena na magoti ya mama, na asubuhi wewe unaamini ameshiba kwa sababu umemkuta amelala. Ukimpa kwa chupa unajua kiasi kamili.

### Usiichemshe

Dang'a ikizidi nyuzi 60 kingamwili huanza kuharibika, na ikiwekwa jikoni hugandamana kama yai lililokaangwa. Ukifika hapo umebaki na chakula tu, kinga haipo tena. Ukihitaji kuipasha, weka chupa ndani ya beseni la maji yasiyozidi nyuzi 50, uikoroge mpaka ifike nyuzi 39. Usiipashe kwenye sufuria wala maikrowevu.

## Hatua ya 6: Ndama asiyetaka kunyonya

Ndama aliyezaliwa kwa kuvutwa huwa amechoka. Mpashe joto, msugue, mtie kidole safi mdomoni uone kama anakivuta. Mpe nusu saa, ujaribu tena. Akinywa nusu, mwongeze kila baada ya saa moja au mbili mpaka atimize kiasi chake ndani ya saa 6.

Akiendelea kukataa, hitaji lake ni mrija wa kulishia unaofika tumboni. Afanye daktari au mtu aliyefundishwa mbele ya daktari. Mrija hupimwa kutoka ncha ya pua mpaka nyuma ya kiwiko, hulowanishwa, huingizwa polepole ndama akimeza. Kabla ya kumimina, ushike koo: unatakiwa kuhisi mirija miwili, koromeo gumu lenye pete na mrija wako pembeni yake. Ukihisi mmoja, au ndama akikohoa, utoe. Lita moja ya dang'a kwenye mapafu ni kifo.

Usimfungue mdomo kwa nguvu ukamimina kwa chupa ya soda. Ndama wengi dhaifu wamekufa kwa njia hii, na mwenyewe akaamini aliwakuta tayari wanakufa.

## Hatua ya 7: Kuanzia mlo wa pili mpaka siku ya nne

Mlo wa pili utoke kwenye mkamuo wa kwanza uliobaki, au wa pili. Baada ya saa 24 endelea kumpa maziwa ya mama yake ya siku tatu hadi nne za mwanzo, lita 2 hadi 3 asubuhi na jioni kwa ndama wa kilo 40. Hayaingizi tena kingamwili kwenye damu, ila hubaki ndani ya utumbo na kuvizuia vijidudu vya kuharisha kushika ukuta wake.

Maziwa haya kiwandani hayapokelewi, kwa hiyo hupotezi mauzo ukimpa ndama. Wapo pia wanaoyapika na kuyala nyumbani. Ndama ashibe kwanza, akiba ya friza ifuate, ndipo sufuria ipate zamu yake, na yapikwe barabara kwa sababu ya brusela na kifua kikuu, magonjwa yanayoweza kumpata mtu kupitia maziwa.

Chupa na chuchu zioshwe kila baada ya mlo: maji ya uvuguvugu kwanza, kisha maji ya moto na sabuni kwa brashi, suuza, uzining'inize zikauke. Ukianza na maji yanayochemka protini hugandia ndani ya chupa na kuwa makao ya bakteria.

## Hatua ya 8: Weka akiba

Dang'a iliyopita kipimo cha 22 isikae ndooni. Katika joto la Mombasa au Dar es Salaam bakteria huongezeka maradufu kwa muda mfupi sana. Jaza maji kwenye chupa, igandishe mapema, uioshe kwa nje na kuitumbukiza ndani ya ndoo ya dang'a ili ipoe haraka.

- Kwenye friji, nyuzi 4: mwisho siku 2
- Kwenye friza, nyuzi 18 chini ya sifuri: mpaka mwaka 1
- Bila friji: ndani ya saa moja itumike

Tumia vyombo bapa vya plastiki vyenye mfuniko, vya lita 1, vijazwe robo tatu kwa kuwa ikiganda hutanuka. Dang'a ya chombo bapa huyeyuka haraka kuliko ya kinene, na usiku wa manane utaona faida yake. Andika tarehe, jina au namba ya ng'ombe na kipimo cha Brix. Ikishayeyuka usiigandishe tena, hata kama kosa ni la umeme uliokatika.

Usiweke akiba ya ng'ombe aliyepimwa akakutwa na brusela au kifua kikuu, wala ya aliyetibiwa kiwele akazaa kabla siku zilizoandikwa kwenye dawa hazijaisha.

## Mama amekufa, au hana dang'a

Fuata mpangilio huu: akiba ya friza yako, kisha dang'a ya ng'ombe mwingine wa banda lako aliyezaa siku hiyo, kisha ya jirani mwenye ng'ombe waliopimwa afya, kisha unga wa dang'a wa kununua. Kwenye pakiti ya unga soma gramu za kingamwili: upo unaokusudiwa kuongezea tu na upo unaoweza kuchukua nafasi ya dang'a yote. Unaohitaji ni huu wa pili.

Mchanganyiko unaosambazwa wa maziwa, yai bichi na mafuta ya nyonyo unamshibisha ndama na kumlainisha choo, lakini hauna kingamwili za mama. Ukilazimika kuutumia, mchukulie ndama huyo kama asiye na kinga: mtenge na wenzake, banda lake likauke kila siku, na umuulize daktari kuhusu kumwekea plazma (majimaji ya damu yasiyo na chembe) ya ng'ombe mwenye afya.

## Hatua ya 9: Hakikisha imefanya kazi

Dalili za saa za mwanzo: ndama amesimama, masikio yako juu, mdomo una joto, na ametoa kinyesi cha kwanza cheusi kinachonata. Hizo zinaonyesha ni mzima, ila hazithibitishi kinga.

Uthibitisho ni damu. Kati ya siku ya 2 na ya 7, daktari achukue damu kidogo kwenye kichupa kisicho na dawa ya kuzuia kuganda, aiache itengane. Tone la yale maji ya manjano yanayobaki juu liwekwe kwenye refraktomita ile ile. Ikisoma 8.4 au zaidi, kinga imepita. Kwa kipimo cha protini ya damu, angalau gramu 5.2 kwa desilita. Ukiwa na ndama wengi, pima wachache kila msimu. Wakishindwa zaidi ya mmoja, rudi kwenye saa zako za kukamua na kunywesha kabla ya kulaumu dawa.

Kinga hii hupungua: kingamwili za mama hubaki nusu kila baada ya wiki tatu hivi, wakati ndama anaanza kutengeneza zake taratibu. Kati ya wiki ya pili na ya sita huwa katika bonde, na hapo ndipo kichomi humkuta kwenye banda lisilo na hewa.

Zikiwa bado nyingi, kingamwili hizo pia huweza kuizuia chanjo isishike. Ndiyo sababu daktari hukuambia usubiri miezi kadhaa kwa baadhi ya chanjo. Fuata tarehe alizokupa, usiwahishe.

Na usitegemee dang'a kwa ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe. Kinga ya ugonjwa huo hutegemea zaidi seli za mwili wa ndama mwenyewe kuliko kingamwili anazopewa. Kupe mkague ndani ya masikio kila siku tangu wiki ya kwanza, na upange na daktari siku ya chanjo yake.